Kondoo wa Bibi Wanakula kwa Magoti

Usiku ule nililala na hasira, na gambuti miguuni. Gambuti nilizivua baadaye mtoto alipolia. Hasira sikuivua. Mvua ilikuwa inapiga bati kama mtu anayemwaga maharage, na kila ilipotulia kidogo nilimsikia Bi Harusi kule bandani akikohoa. Bi Harusi ni kondoo. Nakwambia mapema usije ukadhani ni mtu, ingawa mwaka huu nimemuwaza yeye kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Mimi si mtu wa ndoto. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na akina mama wa kanisani wanaoamka kila Jumapili wameonyeshwa hiki na kile huwa nawasikiliza nikiwaza viazi vyangu motoni. Hii naiandika kwa sababu ilinitokea, na kwa sababu wale waliosimuliwa na mjomba wangu wamesimuliwa vibaya.

Bibi yangu aliyenilea, mama yake mama, alifariki mwishoni mwa kiangazi, wiki mbili tu kabla ya kunyoa kondoo. Kwetu Makete ni baridi, na Bibi alifuga kondoo wa sufu, wanane. Tuliokuwa tunaishi naye ni mimi na mwanangu Ombeni, ambaye wakati huo alikuwa hajaota hata jino moja. Baba yake Ombeni tusimzungumzie.

Kila asubuhi Bibi aliingia bandani kabla hajanywa chai. Alimshika kondoo mmoja mmoja, akimvuta chini ukope wa jicho kuona kama ndani pana wekundu, maana pakiwa peupe ni minyoo. Akamfunua mdomo, akamnusa. Halafu akainua miguu, mmoja baada ya mwingine, akapitisha kidole katikati ya kwato. Macho, mdomo, miguu. Alikuwa anasema hivyo kwa sauti, kama mtu anayesali, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya Biblia. Kwato ikizidi kidogo tu, alimkalisha kondoo kitako, mgongo wake ukimwegemea yeye kifuani, miguu minne hewani. Kondoo ukimkalisha hivyo anatulia kabisa, anakuwa kama mzee anayesubiri kunyolewa. Hapo Bibi alitoa kisu chake kidogo kilichopinda ncha, akapunguza kwato taratibu, huku akimsemesha.

Sasa ujue desturi yetu. Katika ukoo wetu mtu akifa, chuma hakigusi mifugo yake mpaka matanga yaondolewe. Hawanyolewi, hawakatwi kwato, hawachinjwi. Wanakaa msibani kama sisi. Siku ya kuondoa matanga, mtoto wa kiume wa marehemu anashika mkasi, anakata manyoya kidogo ya kondoo mmoja, na baada ya hapo kazi zinaendelea. Ni jambo la siku arobaini, na siku arobaini kondoo anavumilia. Lakini atakayetangulia kushika chuma kabla ya hapo, wazee wanasema, chuma hicho kitatafuta mwingine ndani ya nyumba ileile.

Ndani ya nyumba ileile tulibaki mimi na Ombeni. Unaona hapo nilipokwama.

Mtoto wa kiume wa marehemu ni Mjomba Yekonia, anakaa Mbeya. Siku ya mazishi alichukua mkasi wa kunyolea na kile kisu cha kwato, akavifunga kwenye kitenge cha Bibi, akapanda mwenyewe kuviweka darini juu ya jiko, akanionya nisiviguse. Nikatii. Siku ya arobaini ikafika, akapiga simu kwamba ana udhuru, tufanye Jumamosi inayofuata. Jumamosi hiyo ikaja, akasema tungoje Krismasi watu wawe wamerudi nyumbani. Krismasi ikapita. Mara msalaba wa zege haujakauka. Mara wageni wa Njombe hawajajibu. Kila mara ni Jumamosi, na hasemi Jumamosi ipi. Na yeye siku ya tatu tu ya msiba alinyolewa kichwa na ndevu, na tangu hapo kidevu chake kinang'aa kama sufuria ya dukani. Chuma kwake yeye hakina matanga.

Mvua zikaja. Manyoya ambayo yalitakiwa yawe yameshatoka yakanywa maji, kondoo wakawa wanatembea kama wamebebeshwa magodoro. Kwato zikarefuka, zikajikunja mbele kama ndala zilizochakaa, na tope likaingia ndani likakaa. Kisha ikaanza ile harufu. Aliyewahi kufuga anaijua, tamu na mbaya kwa pamoja, kama kiazi kilichooza chini ya gunia. Bi Harusi, mwenye mimba kubwa, ndiye aliyeumwa zaidi. Miguu ya mbele ikamshinda. Akawa anakula amepiga magoti.

Bwana mifugo alipita, akamtazama, akanieleza bila kuzunguka. Kwato lazima ifunguliwe kwa kisu ndipo dawa ifike. Bila kisu dawa ni maji tu. Na asiposimama hatakula vya kumtosha, mtoto atamfia tumboni, halafu na mama mwenyewe atafuata. Nikamweleza habari za matanga. Akajikuna shingo, akasema yeye haingilii matanga ya watu, akaniachia mrututu kwenye kikaratasi, yale mawe ya buluu ya kuoshea kwato, akaondoka.

Mchana wa siku ile Mjomba alikuja kuangalia msalaba. Akapita bandani na wazee wawili, akamkuta Bi Harusi magotini, akacheka. Akasema, "Mnaona? Hata kondoo wanamwombea mama."

Wazee wakacheka naye. Nikamwambia Mjomba, haombi, anaoza. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye gambuti, akaniambia kwa upole ule wa kukera, "Mama Ombeni, wewe umezaa juzi. Usitufundishe kuzika."

Akaingia ndani ya gari. Kupitia dirishani akasema Jumamosi.

Basi. Ndivyo nilivyolala.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Najua kwamba mvua ilinyamaza ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo, na mimi nikawa jikoni.

Ni jiko letu lilelile, mafiga yaleyale, ila hakuna moto na bado pana mwanga, mwanga wa asubuhi ambao hauna jua. Bibi amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo. Nilijua amekufa. Hilo halikunisumbua hata kidogo, kilichonisumbua ni kwamba sijafagia. Nikamwamkia. "Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Bibi ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha salamu ya mtu ikae hewani. Nilisubiri ile marahaba mpaka nikaanza kuona haya, kama vile nimeomba kitu kisichokuwa changu. Akawa anapapasa chini, kushoto, kulia, anainua masufuria, anatazama ndani, anarudisha. Anatafuta. Nikataka kumuuliza anatafuta nini, na nikakumbuka kwamba ninajua, na papo hapo nikasahau.

Ndipo nikaona ukuta wa jiko haupo. Upande ule ni bandani, na majani makavu ya kulalia kondoo yamekuja mpaka kwenye mafiga. Kondoo wote wanane wamesimama wananitazama. Hawalii. Wamesimama wima, miguu mizima. Nikafurahi sana, nikasema moyoni kumbe wamepona, kumbe nilikuwa nahangaika bure. Halafu nikatazama chini, nikaona wamevaa viatu. Viatu vyeusi vya shule vya kamba, ambavyo vimewabana. Nikajua kwamba mimi ndiye niliyewavalisha, ili Mjomba akija asione.

Bibi akainuka kwenye kigoda. Akajaribu kutembea kuja kwangu.

Hakuweza. Alikuwa anachechemea kama mtu anayepita juu ya mawe ya moto. Siku ya kumwosha ni mimi niliyemvalisha soksi nyeupe, mpya, kwa sababu alikuwa mtu wa baridi. Soksi zile zile alikuwa nazo, zimejaa udongo, na kucha zimezitoboa. Kucha za Bibi zimerefuka, zimejikunja kwenda juu, ngumu, za kahawia, kama pembe. Na nywele zake, ambazo tulizinyoa, zimeota zimefika kiunoni, zimelowa, zinamvuta shingo nyuma.

Nilikasirika. Sijui kwa nini nilimkasirikia yeye. Nilimwambia mimi sikukusahau, Bibi, nilikuvalisha vizuri, watu wote waliona. Nilisema kwa sauti ya juu, ile sauti ninayotumia kwa Mjomba moyoni. Yeye akainua mguu mmoja, akaushusha. Akainua mwingine. Hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Halafu tukawa msibani.

Sikutembea kufika. Tulikuwa tumeshakaa, mabenchi ya kanisa yamepangwa kwenye shamba letu la viazi, na watu wanaimba, midomo inafunguka na kufumbika, lakini sauti haitoki. Mbele kabisa Mjomba amekalia kiti, shuka jeupe limefungwa shingoni, ananyolewa. Anayemnyoa simwoni, naona mkono tu na mkasi. Mkasi ni wa Bibi, ule mkubwa. Nywele zinazoanguka kutoka kichwani kwa Mjomba si nywele, ni sufu. Zinaanguka na haziishi. Zinajaa miguuni pake, zinafunika mstari wa kwanza wa wageni, wanakaa tu, zinawafikia magotini, zinawafikia kifuani, wao wanaimba. Nikasimama nikasema yupo hapa, mama yenu yupo hapa, hawezi kutembea, mpeni mkasi. Wote wakageuka kwa pamoja. Wakaniambia, bila kukasirika, kama watu wanaomwonyesha mgeni njia:

"Jumamosi."

Na mimi nikaanza kutafuta leo ni siku gani. Nilitafuta mifukoni. Nilitafuta kwenye mbeleko ya Ombeni. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba siku hiyo niliiweka mahali nikiwa nafua. Nikamuuliza jirani aliyekaa pembeni yangu, naye akanionyesha mkono wake, kucha zake zimekuwa ndefu kama za Bibi. Nikatazama mikono ya benchi zima. Wote. Wameiweka mapajani kwa adabu, na kucha zimejikunja kuelekea viganjani mwao.

Sikuogopa hata hapo. Nilichanganyikiwa tu. Nilikuwa najiambia nikishajua leo ni siku gani, yote yatakaa sawa.

Nikahisi uzito kifuani. Nimekaa chini bandani, juu ya majani, miguu nimeitanua, na Bibi amekaa kitako katikati ya magoti yangu, mgongo wake umeniegemea. Amekaa vile anavyokalishwa kondoo. Kichwa chake kimelala begani kwangu. Alikuwa mzito kuliko alivyokuwa hai. Alikuwa wa moto pia, na alinuka moshi na siagi ya ng'ombe aliyokuwa anajipaka, na mimi nikaanza kulia, kwa sababu siku zote hizi nilikuwa nimeisahau ile harufu na sikujua kama nimeisahau.

Mkononi nina kile kisu kidogo kilichopinda. Sikupanda darini, sikukifungua kwenye kitenge. Kilikuwepo tu. Bibi akaninyooshea mguu.

Nilikata. Alinifundisha, mkono unajua. Unaanza pembeni, unafuata ukingo, hukati kwa pupa, unakuna kidogo kidogo mpaka uone weupe, na ukiona uwaridi unaacha. Vipande vikawa vinaanguka kwenye majani, vikavu, vyeupe, kama maganda ya muhogo. Chini ya ukucha nikakuta tope, na chini ya tope ile harufu. Nikamwambia Bibi pole, Bibi, pole, imeingia sana. Nikakata tena. Mguu ukawa na manyoya mafupi na joto la mnyama. Ni mguu wa Bi Harusi, najua ile alama nyeusi juu ya kwato. Nikaendelea, kazi inakwenda vizuri, nimeinama, jasho linatoka. Nikafuta paji la uso. Niliporudisha macho chini, nilichoshika ni mguu wa Ombeni.

Mguu mdogo, mnene, wenye vishimo. Vidole vinajikunja na kukunjuka. Kisu kiko pale pale kiliposimama, kwenye ukucha wa kidole gumba.

Nikaganda. Sikuweza kukitoa wala kukisogeza. Nikasema, ndiyo hii. Hii ndiyo ile waliyosema. Chuma kimetafuta.

Bibi akaongea sikioni kwangu. Sauti yake ya kila siku, ya kuniambia maji yamechemka.

"Aliyekufa ni mimi."

Nikamwambia najua, Bibi. Nilimjibu kwa ukali kidogo, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimeshika kisu juu ya mwanangu na yeye ananiletea habari ambayo mkoa mzima unaijua. Najua umekufa, nilikuosha mwenyewe.

Akasema tena, polepole, kama mwalimu anayerudia kwa mwanafunzi mzito wa nyuma ya darasa.

"Mimi. Aliyekufa ni mimi."

Halafu hakuwa ananiegemea tena. Amesimama mlangoni pa banda, amenyooka, soksi zake safi, na Ombeni yuko mgongoni kwake. Amembeba kwa mbeleko yangu, ile ya maua ya njano. Akaanza kuondoka.

Kila mtu wa kwetu anajua maana ya marehemu kubeba mtoto ndotoni. Hata mimi wa kidato cha nne najua. Nikainuka kumkimbilia, na gambuti zimejaa maji, kila mguu ni ndoo. Anashuka bondeni, ukungu unamfika kiunoni, kondoo wanamfuata mmoja mmoja, wanatembea vizuri, na nakiona kichwa cha Ombeni, kofia yake nyekundu, kinatikisika kwa hatua za Bibi, na hata halii, yuko raha mustarehe. Nikamwita Bibi arudi. Hakugeuka. Nikamwomba. Hakugeuka. Basi nikamtukana. Nilimtukana mwanamke aliyenilea, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia kama ulitaka kuchukua mtu ungemchukua mwanao mwenye gari, unakuja kuninyang'anya mimi ambaye sina kitu, mimi niliyekuvalisha soksi.

Hapo akageuka. Alikuwa anacheka. Bibi alicheka bila sauti alipokuwa hai pia, mabega tu ndiyo yanacheka.

Akafungua mbeleko, akamzungusha Ombeni mbele, akamkalisha kwenye mkono. Kwa kidole gumba akamvuta ukope wa chini, akatazama. Akamfungua mdomo, akamnusa, akapitisha kidole kwenye ufizi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamshika mguu, akatenganisha vidole, kimoja kimoja. Alichukua muda wake. Alimkagua mwanangu kama anavyokagua mwanakondoo aliyezaliwa usiku.

"Huyu mzima," akasema.

Akanipa. Nilimpokea, nilimhisi kabisa, uzito wake na nepi iliyolowa. Mikono ya Bibi ilipobaki mitupu aliitazama kidogo, akaipangusa kwenye kitenge, kama mtu aliyemaliza zamu.

"Shika mwanao. Halafu shika kazi."

Nikataka kumuuliza kazi ipi, kwa ruhusa ya nani, na Jumamosi je. Nikafungua mdomo. Kitu kikanikwaruza uso.

Nikaamka.

Ombeni alikuwa ameamka kabla yangu, amenipanda kifuani, na amenipitishia kucha shavuni. Nilipapasa nikaona damu kidogo kidoleni. Kumepambazuka, mvua imekatika, matone yanaanguka moja moja kutoka kwenye bati. Nilimshika mkono wake nikautazama kwenye mwanga wa dirisha. Kucha zake zilikuwa ndefu. Na yeye mwenyewe alikuwa na mikwaruzo miwili puani ambayo siku zote nilidhani ni ya kofia. Tangu lile neno la chuma liingie kichwani mwangu, mtoto mchanga nilimwacha bila kumkata kucha, na sikuwa hata nimejitambua. Nikaziondoa kwa meno, kidole kimoja kimoja, kama mama zetu wote wanavyofanya. Alicheka akidhani namchezea.

Nilikaa pale kitandani muda. Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilinikalia sawa kichwani. Sijui kwa nini hakuniitikia salamu. Vile viatu vya shule sivielewi mpaka leo. Na kama Bibi alikuwa anajua mkasi uko darini, alikuwa anatafuta nini kwenye masufuria? Labda ndoto ni ndoto. Labda ni ile hasira tu iliyolala na mimi ikavaa nguo za Bibi. Lakini yale maneno yalikuwa yamekaa sikioni, na safari hii nikayasikia. Aliyekufa ni yeye. Kondoo hawajafa. Mimi sijafa. Ombeni yuko hapa anavuta nywele zangu. Kifo kilikuja kwetu mara moja, kikachukua mmoja, kikaondoka, na sisi wengine wote tulikuwa tunaishi kama tuliokwenda naye.

Nikavaa gambuti. Nikamfunga Ombeni mgongoni kwa mbeleko ya maua ya njano, nikakaza fundo mara mbili. Nikaweka kigoda cha Bibi juu ya meza, nikapanda, nikaingiza mkono darini. Kitenge kilikuwa kimejaa masizi. Mkasi umeota kutu kidogo kwenye kiungio. Kisu kilikuwa kizima.

Niliyeyusha mrututu kwenye ndoo kuukuu. Bi Harusi alikuwa kwenye kona, magotini, pua kwenye majani. Alinitazama kama anayeniuliza nimechelewa wapi. Kumkalisha kitako peke yangu, na mimba ile, na manyoya yale yaliyolowa, na mtoto mgongoni, ilikuwa shughuli. Tulianguka wote mara moja. Mara ya pili akakaa. Akaniegemea kifuani, akatulia, kichwa begani kwangu, na uzito ulikuwa uleule. Siongezi chumvi. Ulikuwa uleule wa ndotoni.

Nikashika mguu wa kwanza, nikaweka kisu kwenye ukingo wa kwato. Nilisita nikasikiliza nyuma yangu. Ombeni alikuwa anaongea lugha yake na jogoo wa jirani. Nikakata.

Vipande vya kwato vilianguka, tope likatoka, na ile harufu ikafunguka mpaka nikageuza uso. Nilikuna mpaka nikaona weupe. Nilipoona uwaridi nikaacha. Miguu yote minne. Nikaiosha kwa yale maji ya buluu, na yeye alijitupa mara moja tu, kwenye ule mbaya zaidi, halafu akapumua kwa kirefu kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Nikatoa simu mfukoni, vidole bado vya buluu. Sikupiga, maana ningepiga angenijibu Jumamosi. Nilimwandikia: Mjomba, shikamoo. Aliyekufa ni Bibi. Wengine nimeanza kuwakata kwato leo. Kunyoa nitaanza jua likitoka. Ukija uje na gambuti.

Yeye ndiye anayesema sasa kwamba nilitokewa na shetani. Aseme.

Nikamgeuza Bi Harusi, nikamsaidia kuinuka, nikamwekea majani mabichi mbele yake. Kwa mazoea akapiga magoti. Akatafuna mara moja, mara mbili. Halafu akaacha kutafuna. Akaunyoosha mguu wa kulia, akaukanyaga chini polepole, kama mtu anayejaribu maji ya mto asubuhi. Akasubiri. Akauleta wa kushoto, ukamuuma, akauinua tena akaukunja hewani. Lakini hakurudi chini.

Akala amesimama kwa miguu mitatu.